Maji ya Mgawo, Harufu ya Dawa na Hofu ya Saratani

Wewe ukaaye mjini na kutegemea bomba, bila shaka unaifahamu vyema siku ya zamu ya maji. Bomba hukohoa kwanza, likatoa upepo, kisha maji mekundu kama chai, na baada ya dakika kadhaa huja maji meupe yenye harufu kali ya dawa. Watu wa nyumbani hukimbilia ndoo, madumu, mapipa na matangi, maana hakuna ajuaye kwa yakini kama zamu ijayo itafika kwa wakati. Na hapo, katika pilikapilika za kukinga, huzuka maneno ambayo siku hizi yamekuwa ya kawaida: kwamba maji haya yananuka jiki, na kwamba dawa hiyo ndiyo iletayo saratani. Msemaji aghalabu huongeza na shauri lake, nalo ni kuyaacha maji ya bomba kwa kupikia na kufulia, na kunywa ya kisima cha jirani ambayo hayana harufu na ladha yake ni tamu.

Shauri hilo linahusu uhai wa watoto, kwa hiyo haifai kulipuuza, wala haifai kulipokea kijuujuu. Ukweli umo ndani yake, lakini ni ukweli uliokatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndiyo inayoua upesi.

KLORINI NA KAZI YAKE

Kabla ya karne ya 20 miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilikuwa ikifiwa na watu wengi kila mwaka kwa kipindupindu na homa ya matumbo, magonjwa ambayo vijidudu vyake husafiri ndani ya maji. Mwaka 1908, katika bwawa la Boonton lililokuwa likiulisha mji wa Jersey City, Marekani, daktari John Leal aliamuru maji yatiwe klorini kila siku, jambo ambalo watu wengi wa wakati ule waliliona kuwa ni kuwalisha raia sumu. Shauri likafika mahakamani, na Leal akashinda. Katika miaka michache miji mingine ilimfuata, na homa ya matumbo ikapungua kwa kasi ambayo haikupata kuonekana kabla yake.

Klorini ina sifa mbili. Ya kwanza ni kuua vijidudu vingi viletavyo maradhi. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni kwamba ikitiwa kwa kipimo cha kutosha sehemu yake hubaki ndani ya maji ikayasindikiza njiani mpaka bombani, na hata ndani ya dumu, ili kijidudu kitakachoingia baadaye kikutane na mlinzi. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi huyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mlinzi huyo asipungue miligramu 0.2 katika kila lita maji yanapofika kwa mtumiaji. Kiasi cha juu ambacho shirika hilo linakihesabu kuwa salama kunywewa maisha yote ni miligramu 5 kwa lita, na pua za baadhi ya watu huanza kunusa klorini hata ikiwa chini ya nusu miligramu. Kwa hiyo harufu ile unayoilalamikia, maadamu si ya kukutoa machozi, huwa ni dalili kwamba mlinzi yupo kazini.

LILILOGUNDULIWA MWAKA 1974

Sasa tuje kwenye ukweli wa yule jirani. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Rotterdam nchini Uholanzi, alieleza kuwa maji ya mto yakishatiwa klorini huzaliwa ndani yake kemikali mpya ambazo hazikuwamo mtoni. Mwaka huohuo wataalamu wa Marekani wakatoa habari ya namna hiyohiyo. Iliyoonekana kwa wingi zaidi ni klorofomu, ile ambayo tangu mwaka 1847 madaktari waliitumia kuwalaza usingizi wagonjwa wa kupasuliwa. Klorofomu na jamaa zake watatu huitwa kwa pamoja trihalomitheni. Baadaye ikafahamika kuwa wapo na wengine, hasa kundi la asidi ambazo nazo huzaliwa na klorini.

Mwaka 1976 taasisi ya saratani ya Marekani ilitangaza kuwa panya waliolishwa klorofomu kwa vipimo vikubwa walipata uvimbe wa saratani katika ini na figo. Habari hiyo ikaenea, na serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku klorofomu katika dawa za kikohozi na za meno, kisha mwaka 1979 ikaweka kikomo cha trihalomitheni katika maji ya bomba: mikrogramu 100 kwa lita, kilichoteremshwa hadi 80 kwa kanuni za mwaka 1998. Kwa binadamu, tafiti kadhaa za Ulaya na Amerika zimeona kuwa waliokunywa maji yenye kemikali hizo kwa wingi, tena kwa miongo mingi, walipata saratani ya kibofu cha mkojo kidogo zaidi kuliko wenzao. Wataalamu bado wanabishana kama chanzo hasa ni kemikali hizo au ni jambo jingine linaloandamana nazo.

Kwa upande wa klorofomu, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 300 kwa lita, likimfikiria mtu mzima wa kilo 60 anywaye lita 2 kila siku maisha yake yote, na ndani ya hesabu hiyo limeacha nafasi kubwa ya usalama. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa maji, linaonya kuwa jitihada za kupunguza kemikali hizo zisidhoofishe kazi ya kuua vijidudu. Na kwa kuwa tumetaja saratani ya kibofu, yafaa msomaji akumbuke kuwa katika nchi zetu kisababishi chake kinachojulikana bila ubishi ni kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao mtu huupata kwa kuoga au kukanyaga katika maji ya madimbwi na mito yasiyotiwa dawa yoyote.

TOPE LA RUVU

Kemikali hizo hazizaliwi na klorini peke yake. Klorini inahitaji mwenzi, na mwenzi huyo ni takataka za mimea: majani yaliyooza, mboji, rangi ile ya kahawia ambayo mvua huikamua mashambani na kuiteremsha mitoni. Takataka zikiwa nyingi, maji yakiwa na joto, klorini ikiwa kubwa na muda wa kukaa pamoja ukirefuka, ndivyo kemikali zinavyoongezeka.

Mkazi wa Dar es Salaam hana budi kuuangalia Mto Ruvu kwa jicho hilo. Mto huo huanzia katika milima ya Uluguru na kupita katika mashamba na malisho kabla ya kufika kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya maji ya jiji. Wakati wa masika mto hushuka ukiwa mzito kama uji. Mtambo unaofanya kazi vizuri huyagandisha tope kwanza kwa shabu au dawa nyingine ya namna hiyo, huyatuliza, huyachuja kwenye mchanga, na mwisho ndipo hutia klorini. Utaratibu huo una maana yake: kila kikombe cha takataka kinachoondolewa kabla ya klorini ni kemikali ambazo hazitazaliwa, na ni klorini ambayo haitaliwa bure. Maana klorini haichagui, hula majani na vijidudu kwa pamoja, na ikikutana na maji machafu huishia kwenye uchafu kabla haijamfikia adui.

BOMBA LINAPOLALA

Hapa ndipo mgawo unapoingia na kuharibu hesabu zote. Oktoba 2022, kina cha Ruvu kilipopungua kwa ukame, wakazi wa jiji walitangaziwa ratiba ya mgawo, na mitaa mingine ilikaa siku kadhaa pasipo tone. Lakini hata katika miaka ya mvua nzuri ipo mitaa ya juu na ya pembezoni ambayo maji huifikia kwa saa chache tu.

Bomba lenye maji na nguvu ya msukumo saa zote hujilinda lenyewe: likiwa na tundu, maji hutoka nje, hayaingii. Siku bomba linapolala bila maji mambo hugeuka. Tundu lililokuwa likitoa sasa hunyonya, na kinachonyonywa ni chochote kilicho ardhini pale, liwe dimbwi la barabarani, mfereji wa maji machafu au unyevu wa choo cha jirani. Wenye uwezo wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kujivutia maji huzidisha unyonyaji huo, nao hawajui kuwa wanajinywesha wao wenyewe yaliyomo katika mitaro ya wenzao. Juu ya hayo, utando wa ute unaoota katika kuta za bomba hubanduka maji yanaporudi kwa kishindo. Yale maji mekundu ya dakika za kwanza ndiyo hayo: kutu, mchanga, ute na vilivyonyonywa.

Mhandisi afanyeje? Akitia klorini ya kawaida, italiwa yote njiani na mtaa wa mwisho utapata maji yasiyo na mlinzi. Akiongeza, wanaokaa karibu na mtambo watapata harufu kali, na takataka za njiani zitapata klorini zaidi ya kuzaa nayo trihalomitheni. Huu ndio mkwamo hasa wa maji ya mgawo, na hauwezi kutatuliwa kwa kuongeza au kupunguza dawa peke yake. Tiba yake ni bomba lisilolala na lisilovuja. Mwandishi huona ajabu kwamba tunabishana sana juu ya harufu, ilhali bomba linalovuja mtaani kwa wiki tatu tunaliruka kama jambo la kawaida.

TANGI LA NYUMBANI

Maji yakishafika nyumbani, hesabu huendelea ndani ya tangi lako. Katika saa za kwanza klorini iliyobaki inaendelea kukutana na takataka zilizotuama chini, hivyo kemikali huweza kuongezeka kidogo, hasa tangi jeusi likipigwa na jua la mchana. Wakati huohuo klorini yenyewe inapungua, na baada ya siku moja, mbili au tatu kwa kutegemea uchafu na joto, huwa imekwisha. Tangu hapo hakuna kinachozaliwa na klorini, ila vijidudu sasa huweza kuzaana pasipo kizuizi. Familia inayokunywa maji ya tangi siku ya tano baada ya zamu haina tena haja ya kuogopa dawa. Dawa haimo.

Peru ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Januari 1991 kipindupindu kilizuka katika miji ya pwani ya nchi hiyo, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya watu 300,000 walikuwa wameugua na karibu 3,000 wamekufa. Ilienezwa habari kwamba wakuu wa maji waliacha kutia klorini kwa kuogopa saratani. Waliofuatilia baadaye walisema habari hiyo ilitiwa chumvi, kwani sehemu nyingi zilikuwa hazina mitambo wala fedha za klorini hata kabla ya hapo. Lililo muhimu zaidi kwetu ni uchunguzi uliofanywa katika mji wa Trujillo, ambako maji ya mji hayakuwa yakitiwa klorini. Ilionekana kuwa maji yalikuwa na uchafu kidogo kisimani, zaidi kidogo bombani, na zaidi ya yote ndani ya vyombo vya nyumbani. Na miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha wagonjwa na wazima, mojawapo lililo wazi kabisa lilikuwa hili: kunywa maji ya chombo ambacho watu hutumbukiza mikono.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi, na hadi mwanzoni mwa 2018 kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 30,000 na kuwaua zaidi ya 500. Hao hawakungoja miongo mingi. Mtu mwenye kipindupindu asipotibiwa huweza kufa katika saa chache.

Kuhusu kisima cha jirani, yatosha kusema kwamba kisima kifupi katika mtaa wenye vyoo vya shimo kila ua hupokea yanayotoka vyooni, na utamu wa ladha hauondoi jambo hilo. Visima vilivyo karibu na bahari vina lao jingine: maji yake huwa na chumvichumvi, na katika chumvi ya bahari mna bromini. Maji hayo yakitiwa klorini, au yakichanganywa na ya bomba katika tangi moja, huzaa zile jamaa za klorofomu zenye bromini, ambazo baadhi yake vikomo vyake ni vikali kuliko vya klorofomu yenyewe: mojawapo imewekewa mikrogramu 60 tu kwa lita. Kwa hiyo kama una maji ya kisima cha chumvi, yawekee chombo chake na uyatumie kwa kufulia na kudekia.

MAMBO YA KUFANYA JIKONI

Mama na baba wa nyumbani wanaweza kupunguza hatari zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kufuata mpangilio uleule wa mtambo: kuondoa uchafu kwanza, dawa baadaye. Maji ya kwanza ya zamu yasiingie katika tangi la kunywa. Yakinge katika ndoo kwa ajili ya choo na sakafu mpaka yatakapokuja meupe. Yakiwa bado na ukungu, yaache yatuame usiku kucha kwenye dumu, umimine ya juu polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, na mashapo uyamwage.

Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kutia dawa ya maji inayouzwa madukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti yake, ukingoja nusu saa kabla ya kunywa. Wapo wazidishao kipimo kwa kudhani watakuwa salama zaidi. Hawaongezi usalama, wanaongeza harufu na zile kemikali. Wapo pia watumiao dawa ya kufulia nguo yenye manukato, nao waache mara moja, maana haikutengenezwa kwa kunywewa. Ikiwa maji yametoka bombani saa hiyohiyo na yana harufu ya klorini, hakuna haja ya kuongeza nyingine juu yake.

Njia ya pili ni kuchemsha, nayo kwa shabaha yetu ina faida maradufu. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu hufa. Na kwa kuwa klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61 tu, sehemu kubwa ya trihalomitheni hupaa na mvuke, sufuria likiachwa wazi. Zile asidi hazipai, lakini mzigo wote unakuwa umepungua sana. Tatizo la kuchemsha ni mkaa na gesi, ambavyo kila mfanyakazi anajua bei yake. Asiyeweza kuchemsha maji yote ya nyumba achemshe walau ya watoto wadogo, ya mama mjamzito na ya mgonjwa. Na akumbuke kuwa maji hayo sasa hayana mlinzi: yatiwe katika chombo kisafi chenye mdomo mwembamba au kibomba, yafunikwe, yanywewe katika siku moja au mbili, na pasiwe na kikombe wala mkono wa kutumbukiza. Kata yenye mpini mrefu, iliyotundikwa ukutani na isiyowekwa chini, ni bora kuliko kichujio cha bei kubwa katika nyumba isiyofunika maji yake.

Tangi nalo lina haki yake. Likoshwe kwa brashi kila baada ya miezi mitatu hivi, na mara tu masika yanapokwisha hata kama miezi hiyo haijatimia, yale matope ya chini yatolewe yote, kwa kuwa ndiyo chakula cha klorini na malalo ya vijidudu. Mfuniko ufunge barabara. Wapangaji wanaotumia tangi moja wakubaliane zamu, maana tangi la watu wote mara nyingi halioshwi na mtu yeyote.

Anayenunua maji ya boza ana maswali mawili ya kumwuliza dereva kabla bomba halijaingizwa katika tangi: amejaza wapi, na gari lake hubeba nini siku nyingine. Naye anayelipia ankara ya bomba ana haki ya kuiuliza ofisi ya maji ya eneo lake kama klorini hupimwa katika mitaa ya mwisho wa bomba au kwenye mtambo peke yake, na kama trihalomitheni hupimwa baada ya masika, wakati ambapo ni nyingi zaidi. Kipimo cha klorini si jambo la ajabu: ni kichupa cha maji, kidonge kimoja, na rangi ya waridi inayolinganishwa na kadi. Afisa wa afya anaweza kukifanya uani kwako kwa dakika chache, na yafaa aombwe akifanye siku ya tatu baada ya zamu, kwa maji ya dumu lile lile ambalo watoto hunywa.